Filamu Yangu na Wenye Pingamizi

Jumamosi, 8 Juni 2024. Bombo.

Hawa watu hawajui sanaa! Hawajui!

Leo nimeonyesha filamu yangu, Moyo Hauchungwi, kwa mara ya kwanza. Darasani, madirisha yamezibwa kwa mablanketi. Hadithi yenyewe: mfugaji kijana wa tambarare anampenda binti wa kwaya wa milimani, na ndugu wa pande zote mbili hawataki. Binti ni Asteria, fundi cherehani wa hapahapa Bombo. Mfugaji kijana ni mimi. Ndiyo, nina miaka arobaini na saba, tena ni Mpare, mpiga picha wa Same mjini. Kuigiza ni nini basi?

Sasa siri, maana humu hasomi mtu. Kuna sehemu ya kanisani ambapo Mzee Zebedayo, mzee wa kanisa, anasoma matangazo ya ndoa. Alikataa katakata kusoma majina ya uongo ndani ya kanisa. Nikamwambia basi asome ya kweli: Elirehema na Asteria. Hakujua amenipa nini! Filamu itaonyeshwa mara tatu: Bombo, Ndungu, Same. Tukishatangazwa mara tatu mbele za watu, hakuna pingamizi, nani tena atakwenda kumposa Asteria? Hata yeye mwenyewe atazoea.

Kwenye filamu Mzee Zebedayo akasoma, akauliza kama kuna mwenye pingamizi. Mama Honorata, jirani yao Asteria, akasimama. Anaipinga filamu! Akasema mwanamume wa umri ule ambaye bado anafuliwa nguo na mama yake hafai kuoa. Darasa zima likaitikia kwamba ni kweli. Asteria alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga.

Na zile dakika tisa ambazo mimi na Asteria tunasimama bila neno, ng'ombe katikati yetu? Mtu akauliza kama mashine imekwama. Wasichana wakauliza yule mrefu nyuma yangu ni nani. Ni Sironka, mwenye ng'ombe! Nilimwambia akae pembeni asionekane. Ng'ombe akagoma kusimama bila yeye.

Pingamizi moja si kitu.

Jumanne, 11 Juni. Same.

Nimejaribu kumwondoa Sironka kwenye kompyuta. Kila akiondoka, ng'ombe naye anaondoka. Basi nimemwekea maandishi makubwa mwilini, ELIREHEMA STUDIO. Amefunikwa toka kichwani hadi magotini. Akili ni nywele, kila mtu ana zake.

Jumamosi, 15 Juni. Ndungu.

Sikanyagi tena kule!

Walijaa wafugaji, walijaa wakulima wa mpunga, na wote walianza kucheka nilipotokea tu. Eti nimeshika fimbo kama ninayeua nyoka. Eti mfugaji gani ana alama za soksi miguuni. Nilikuwa nalia pale! Ni sehemu ya huzuni!

Sironka wakamtambua kwa miguu. Wakaniamuru niondoe maandishi, nikakataa. Ndipo bibi mmoja mfugaji, wanamwita Nasha, akauliza kwa sauti yule binti anasoma nini. Mbona mchumba yuko mbele yake, naye anayachekea maandishi? Halafu watu wote wakapaza sauti kwa pamoja: anamtazama mwenye ng'ombe!

Nimefika nyumbani nikaitazama upya. Dakika tisa zote. Hanitazami hata mara moja. Lakini hiyo ni kamera, niliitega vibaya.

Kuhusu matangazo: waliinua mikono wote kupinga. Nimewahesabu kama mtu mmoja.

Jumamosi, 22 Juni. Same.

Leo ilikuwa yangu. Watu wa mjini, watu wa kuelewa. Asteria akashuka na basi kutoka milimani, akakaa mbele, amevaa gauni la njano alilolishona mwenyewe.

Kwenye filamu Mzee Zebedayo akauliza mwenye pingamizi. Kimya! Hata kukohoa hakuna. Nikafumba macho nikamshukuru Mungu.

Nilipofumbua, Asteria alikuwa amesimama. Akanigeukia, akaniamkia kwanza, shikamoo kaka Eli, kwa heshima zote. Kisha akasema mbele ya ukumbi kwamba yeye alikubali kuigiza, hakukubali kuolewa, na jina lake si la kutembezwa vijijini. Wakampigia makofi! Filamu nzima hawakupiga hata kofi moja, hapo wakapiga. Mimi nikaitikia marahaba.

Imeniuma. Inaniuma sana. Mama kanipikia makande na sijayagusa.

Lakini hebu fikiri kwa haki: bibi harusi atajiwekeaje pingamizi mwenyewe? Halihesabiki lile.

Jumapili, 30 Juni. Bombo.

Usaliti, tena kanisani!

Nilipanda huku kusali, yaani kukaa karibu na kwaya anayoimba Asteria. Mzee Zebedayo akasimama kusoma matangazo ya ndoa. Ya kweli. Asteria na Sironka, mara ya kwanza. Sironka! Kabatizwa Pasaka hii tu. Picha za ubatizo nilipiga mimi, na Asteria yumo katika kila moja. Nilidhani anapenda kamera yangu.

Mchungaji akauliza kama kuna mwenye pingamizi. Wanatutania sisi Wapare kwamba tunaweza kuuza ng'ombe ili tushinde kesi ya kuku. Mimi ng'ombe sina, lakini kesi ninayo. Nikasimama. Nikasema binti huyu ameshatangazwa mara tatu, na mimi. Mchungaji akauliza wapi. Nikasema kwenye filamu. Kanisa likaangua kicheko, mpaka Mzee Zebedayo akavua miwani afute machozi. Ikabidi kwaya iimbe ili watu watulie.

Nje, Sironka akanipa mkono. Hana hata haya! Akasema hakuna mpiga picha anayemwamini kuliko mimi, akaomba niirekodi harusi yao. Asteria alisimama kando yake, ananitazama kwa huruma. Mimi! Huruma!

Nimekubali. Nimewaambia ni zawadi yangu kwao, wakafurahi. Gauni jeupe lipo, keki ipo, umati upo, ng'ombe wapo, na safari hii Asteria atatabasamu sawasawa. Sironka nitampiga picha kuanzia mabegani kushuka chini. Kichwa nitaweka changu.