Soba za Mkono Wangu Mwenyewe

Jumatatu, 13 Oktoba

Chizuru amepiga simu. Wazazi wa mchumba wake, Ryohei, wanateremka Matsumoto Jumapili kula chakula cha mchana kwetu. Habari njema. Kisha binti yangu akaongeza kwamba Mzee Momose anazisubiri kwa hamu zile tambi zangu za soba. Nikauliza soba zipi. Akasema: zile ulizojisifia kwao, baba, kwamba unakanda unga mwenyewe, unasukuma mwenyewe, unakata mwenyewe, za baridi na za moto.

Kumbe nilisema. Pombe yao ya sake ni kali. Na mzee mwenyewe ni mkulima wa nafaka yenyewe ya soba, shamba lake limepanda kilima kizima. Ningekaa kimya nionekane nani? Muuza miavuli mstaafu?

Chizuru akauliza kama kweli najua kuzitengeneza. Nikamwambia asinivunjie heshima. Akanionya kwamba Mzee Momose hapendi uongo hata kidogo. Jirani yake alimdanganya kuhusu umri wa trekta, na mpaka leo hawasalimiani.

Nimemsimulia mke wangu, Fumie. Anataka nipige simu niseme ukweli. Hana mawazo mapana, huyu.

Jumanne, 14 Oktoba

Nimenunua unga wa soba. Nimeukanda. Ukapasuka kama udongo wa kiangazi. Nikaongeza maji, ukawa uji. Nikaongeza unga, ukapasuka tena. Mwisho nilikuwa na donge la ukubwa wa kichwa changu. Fumie akasema hata akili zake ni sawa na za kichwa hicho.

Mchana, nikiwa dukani kutafuta unga mwingine, nikaziona. Tambi kavu za soba, zimenyooka, kila kifungu kimefungwa mkanda wa karatasi. Nikasimama pale muda mrefu. Kwani kosa liko wapi? Soba ni soba. Zikishaiva haziwezi kusema zilikotoka.

Nimechukua pakiti za kutosha na kuzificha kabatini, nyuma ya magodoro ya futoni.

Jumatano, 15 Oktoba

Jaribio la kwanza. Sufuria ndogo, ili kuokoa gesi. Povu likapanda, likamwagika, likazima moto. Nikawasha tena. Tambi zikashikana. Fumie alikuwa amesema nizioshe kwa maji baridi baada ya kuziepua, lakini kuosha chakula kilichokwisha kuiva nimeona ni ushamba. Nikazimwaga kwenye ungo wa mianzi vilevile. Nilipoinua kwa vijiti, ziliinuka zote. Na ungo pia.

Nimezila. Nimeshiba vibaya.

Alhamisi, 16 Oktoba

Tatizo jipya. Mtu anayekata soba kwa mkono hutoa nene na nyembamba. Zangu zinafanana kama askari wa gwaride. Nimejaribu kuzipinda baadhi kwa mvuke wa birika. Zimetoka kama kucha za kuku.

Tatizo la pili: vifaa. Bila ubao mkubwa, gongo refu la kusukumia na lile jisu pana, nani ataniamini? Anayevimiliki mtaani ni mmoja tu, Yokouchi wa nyumba ya pili. Huyu alisomea soba kwa mwalimu na cheti amekitundika mlangoni, kwa hiyo hata anayeleta barua hulazimika kukisoma. Simpendi. Nimekwenda na kuinama.

Yokouchi akauliza navitakia nini. Nikasema mazoezi ya mwili. Akanitazama, akatabasamu, akasema atanipa kwa furaha, ila naye aalikwe Jumapili. Huyu mtu alijuaje kuhusu Jumapili? Fumie anakagua kucha zake.

Jumamosi, 18 Oktoba

Fumie amechoka kula mabaki yangu. Leo amenisukuma pembeni na kushika jiko.

Maji mengi, sufuria kubwa kuliko zote. Akazitawanya tambi taratibu, akakoroga mara moja, akaziacha zicheze zenyewe. Povu lilipopanda akapunguza moto. Baada ya kuziepua akazisugua kwenye maji baridi kama mtu afuaye leso, hadi utelezi wote ukaisha. Za baridi zikaenda kwenye ungo, pembeni mchuzi wa soya na samaki mkavu, wasabi inayowasha pua, na mwani. Za moto nazo aliziosha vivyo hivyo, ndipo akazirudisha kidogo kwenye maji yanayochemka na kuzimwagia supu ya bata na vitunguu majani.

Nilionja. Nikajipakulia tena. Nilikuwa nimesahau kwamba nimeoa mpishi.

Basi, nimefaulu. Kazi yake: kupika. Kazi yangu: kelele. Fumie akasema njia ya mwongo ni fupi. Nikamwambia jikoni kwetu hakuna njia ndefu.

Jumapili, 19 Oktoba

Niandike yote, ingawa mkono hautaki.

Wamefika, Chizuru na Ryohei wakiwa nao. Mzee Momose ni mfupi, mpana, mkimya. Mkewe ni mrefu na haachi kusema. Yokouchi alitangulia wote na kukalia mto mzuri. Nikaomba radhi, nikaingia jikoni, nikafunga mlango.

Nimepiga ubao kwa gongo. Nimehema kwa sauti. Nimejipaka unga kwenye nyusi. Fumie akafungua pakiti za kwanza, akaondoa mikanda yote, akapika bila kunitazama.

Za baridi zikapelekwa. Mzee Momose akachovya, akavuta kwa sauti, akafumba macho. Akasema, “Mkwe, hizi zimeoshwa vizuri sana.” Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Yokouchi naye akainua chache kwenye mwanga na kusema, “Tazameni alivyokata mwenyeji wetu, Bwana Munakata. Kila uzi sawa na mwenzake. Mimi na cheti changu sijawahi.” Nikamwambia ni miaka ya mazoezi.

Sifa zilinipanda kichwani. Zamu ya za moto ilipofika, nikamwambia Fumie akae na wageni, nitapika mwenyewe. Akasema nisijaribu. Nikajaribu.

Kila kitu kilikwenda haraka. Supu, tambi, bata, vitunguu. Nikaandaa mabakuli na kukaa kwa fahari. Mzee Momose akala, kisha akainua kipande cha bata, na chini yake akainua kitu kingine. Kimeloa, cheupe, kirefu. Mkanda wa karatasi.

Nikasema ni karatasi ya bahati. Desturi ya nyumba yetu, anayeipata atafanikiwa.

Mzee akainyoosha ukingoni mwa bakuli, akavaa miwani, akasoma polepole: “Chemsha dakika tano.” Akavua miwani. “Mkwe, nimeshapata karatasi nyingi za bahati hekaluni. Hii ndiyo ya kwanza kunielekeza upishi.”

Yokouchi akakohoa ndani ya kikombe chake cha chai. Ryohei akatazama dari. Chizuru akaweka vijiti chini, akasema kwa sauti ndogo, “Baba, nilikuuliza.” Machozi yakamdondoka kwenye bakuli. Mzee Momose akasimama, akatoka verandani, akatupa mgongo.

Nimeuza miavuli maisha yangu yote na sikumbuki siku niliyotamani kuingia ndani ya mmoja na kuufunga. Binti yangu mmoja tu. Nimemvunjia nyumba kabla haijajengwa, kwa pakiti za tambi.

Mabega ya mzee yalikuwa yakitikisika. Nikadhani ni hasira. Mama Momose akaendelea kula. “Mwacheni,” akasema, “anacheka. Hapendi kucheka mbele za watu, ana pengo.”

Mzee akarudi akijifuta macho. Akasema yeye hulima soba, huvuna soba, huuza soba, na mara ya mwisho kukanda, mkewe aliwapa kuku, kuku wakakataa. Nyumbani kwao hula tambi kavu. Mama Momose akauliza zangu ni za duka gani, maana ni bora kuliko zao. Kisha mzee akamgeukia Fumie: “Mama, za baridi ulipika wewe, sivyo?” Fumie akasema ndiyo. Mzee akainama hadi mkekani. Harusi ipo, majira ya kuchipua.

Mlangoni Chizuru akaniapisha: hakuna kujisifia tena kwa watu hawa. Nikaapa. Nilimaanisha.

Jumanne, 21 Oktoba

Yokouchi amekuja kuchukua vifaa vyake. Ameacha fomu ya darasa la soba. Nimeikunja na kukazia dirisha linalogongagonga.

Jioni Mzee Momose amepiga simu. Mazungumzo mazuri, ya wakwe. Akasema harusini angependa muziki wa kienyeji, akauliza kama namjua mtu apigaye filimbi ya mianzi.

Mdomo ulifunguka wenyewe. Nikamwambia asihangaike, nimeipiga tangu utotoni.

Alifurahi mno. Tayari ameshawaambia wajomba.

Hakuna haja ya kumshtua Fumie. Nimefikiri vizuri: mikono ya kimono ya sherehe ni mipana, redio ndogo ya kaseti inaingia bila shida. Kesho nakwenda kutafuta filimbi. Itabidi niulize inashikwa upande gani.