Wanafunzi Kumi wa Somo la Nyuki

Jumatatu, 11 Novemba 2013

Mvua tangu alfajiri. Kasulu yote tope jekundu. Na mimi nimeokoka!

Nieleze kwa utaratibu. Mimi Pasikali, mwanafunzi wa mwaka wa pili, ualimu, nimekaa wiki nne nikiogopa somo moja tu: Takwimu. Mwaka jana nilifeli. Narudia. Dokta Ildefonsi ametangaza jaribio tarehe thelathini, na kanuni ni kwamba anayerudia somo akikosa alama arobaini kwenye jaribio hilo, basi, disko. Anafungasha begi, anarudi kwao. Kwetu ni Rungwe Mpya. Mama ameshaacha kuniita kwa jina, ananiita Mwalimu. Ameshawaambia na watu wa kanisani waniite hivyo. Nitarudi vipi?

Leo nimekifungua kitabu cha kanuni za chuo. Mara ya kwanza tangu nipewe. Kilikuwa kimeegemeza dirisha la bweni. Kanuni ya 14: mwanafunzi, hata anayerudia, anaweza kuacha somo na kuchukua la hiari, mwisho saa kumi jioni Ijumaa ya wiki ya tano. Nikatazama kalenda ya chuo ukutani. Wiki ya tano ni hii hii! Nikapiga kelele hadi chumba cha pili wakauliza nani amefunga goli.

Nimepitia masomo ya hiari yote. Nimechagua Ufugaji wa Nyuki. Sababu: halijasomwa na mtu kwa miaka miwili. Mwalimu wake, Madam Recho, yuko Kibondo anawafundisha wafugaji wa vijijini. Somo lisilo na mwalimu halina mtihani. Lisilo na mtihani halifelishi. Nimerudia hesabu hiyo mara tatu, haina kasoro. Na wanasema sijui Takwimu!

Jumanne, 12 Novemba

Ofisi ya taaluma. Bi Mwatumu, karani, mtu wa Pwani, taratibu kama anamenya chungwa. Nilimwamkia kwa heshima zote. Akasema nyuki hawana darasa. Somo la hiari lisilofikisha wanafunzi kumi halifunguliwi.

Nikamwambia kumi nitawaleta. Akacheka. Akaniuliza, "Mwanangu, nyuma ya fomu umesoma?"

"Nimesoma, mama."

Sikusoma. Nyuma ya fomu huwa kuna nini? Sahihi na mhuri.

Wanafunzi kumi kwa siku tatu. Mimi mmoja. Bado tisa. Kazi nyepesi.

Alhamisi, 14 Novemba

Siyo nyepesi.

Jana nilisimama mbele ya darasa nikatangaza asali. Kila atakayejiandikisha ataramba asali bure, ya misitu ya Kibondo, kwa mkate. Saba wakatoka papo hapo! Ila Lusajo, kiongozi wa darasa letu, akainuka. Lusajo ametoka Mbeya na shati lake lina mkunjo wa pasi hata wiki ya mvua. Akasema kwa upole, upole ule unaoudhi, kwamba Bwana Pasikali anaikimbia Takwimu na anataka kutuburuza wote. Wawili kati ya saba wakarudi kukaa.

Nilikuwa nimebakiwa na watano, jasho linanitoka, ndipo Rabia akanyoosha mkono. Rabia! Wa kwanza kwenye Takwimu na kwenye kila kitu. Akasema babu yake alikuwa mrina asali huko Tabora na yeye amelisubiri somo hili tangu mwaka wa kwanza. Akaniuliza, mbele ya watu wote, kama kweli nawapenda nyuki. Nikasema tangu utotoni. Yebabaa! Uongo ulitoka laini kuliko ukweli.

Baada ya Rabia wavulana wawili wakajiandikisha bila kuuliza somo lenyewe linahusu nini. Jumla, pamoja na mimi, tisa. Bado mmoja. Kesho saa kumi mlango unafungwa.

Ijumaa, 15 Novemba

Saa nane mchana: tisa. Saa nane na nusu: tisa. Nimewaomba wapishi, wakanikumbusha kuwa wao si wanafunzi. Saa tisa na dakika arobaini nilikuwa nimekaa kwenye ngazi za ofisi ya taaluma, najifunza jinsi ya kumwambia mama kwamba ualimu si lazima.

Akaja Lusajo. Shati limenyooka. Akauliza kama ni kweli Rabia ameandika jina. Nikamwonyesha. Akasoma kwa muda mrefu kuliko urefu wa jina lenyewe. Akasema kiongozi wa darasa hawezi kuwaacha wenzake waende peke yao. Akachukua kalamu.

Huyu mtu! Anayafuata macho ya Rabia hadi mzingani! Nilitaka kukataa sahihi yake. Nilitaka kwa sekunde mbili hivi. Kisha nikambusu kwenye paji la uso, nikaingia ofisini mbio. Bi Mwatumu akagonga mhuri saa kumi kasoro dakika tatu.

Takwimu, kwaheri! Nimecheza mvuani peke yangu.

Jumatatu, 18 Novemba

Madam Recho amekuja.

Sikutegemea. Ameteremka kwenye basi la Kibondo na mizinga sita juu ya paa, magauni meupe ya kinga kwenye kiroba, na bomba la moshi kwapani. Alilia. Alisema miaka miwili ameomba wanafunzi kumi, na leo anaambiwa ni kijana mmoja aliyewakusanya. Akanikumbatia mbele ya Mkuu wa Chuo. Vipindi vitaanza saa kumi na mbili asubuhi kila siku, maana nyuki hawana wikendi. Atakayekosa hata kimoja hafanyi mtihani. Mtihani upo.

Nikiwa bado nimekumbatiwa, Bi Mwatumu akaniita pembeni. Akageuza fomu yangu. Nyuma imeandikwa: Ufugaji wa Nyuki husomwa pamoja na Takwimu, kwa kuwa mfugaji lazima ajue kuhesabu mavuno. Kwa hiyo kuongeza kwangu kumekubaliwa. Kuacha kwangu kumefutwa. Nikamwomba basi niache yote mawili. Akanionyesha kalenda kwa kidole. Mwisho ilikuwa Ijumaa.

Nilikuwa na somo moja la kunifukuzisha chuo. Sasa ninayo mawili. Moja linauma.

Jumatano, 20 Novemba

Niliamka saa kumi na moja. Baridi ya kukata masikio. Wote tisa wanafurahi, wanacheka, wanauliza maswali. Mzee Melkiadi, anayetuonyesha msitu, alitusalimu kwa Kiha, "Mwakeye!", akamsifu Rabia kwa namna anavyotembea bila kuwashtua nyuki. Mimi aliniambia nisitembee kabisa.

Jioni Dokta Ildefonsi akaniita. Akasema anajua nilitaka kumkimbia na hana kinyongo. Amenipangia mtu wa kunifundisha kila jioni hadi siku ya jaribio. Kwa sekunde moja nikaomba awe Rabia.

Ni Lusajo.

Jumapili, 24 Novemba

Jioni ya tano na Lusajo. Anafundisha vizuri, na hilo ndilo linaloniuma. Amenichorea wastani kwa kutumia maharage. Nikakosea, akasema, "Tena, taratibu, bado tunao muda." Hakucheka hata mara moja. Ni wazi anajilimbikizia sifa ili Rabia azisikie. Nami sitampa nafasi. Nimemwambia Rabia kwamba ni mimi ninayemfundisha Lusajo.

Rabia alinipima hapo hapo. Akaniuliza wastani wa mbili, nne na tisa. Nikajibu ni tano. Sijui ilitoka wapi! Akasema, "Anafundishika, basi," akaondoka. Sijaelewa alimaanisha nani.

Alhamisi, 28 Novemba

Nimekifungua tena kitabu. Kanuni ya 22: mgonjwa mwenye barua ya daktari hafanyi jaribio pamoja na wengine, hupewa lake Februari. Februari!

Kesho tunafungua mizinga. Kesho kutwa jaribio. Ninaandika kwa mkono wa kulia. Nyuki mmoja, kidole kimoja cha mkono wa kulia. Sihitaji zaidi.

Ijumaa, 29 Novemba

Naandika kwa jicho moja.

Nilijitenga hadi mzinga wa sita. Nikavua glovu ya kulia. Nikafunua mfuniko bila moshi, nikanyoosha kidole kwa adabu. Nyuki mmoja alikaa, akakinusa kidole, akaondoka. Nikaugonga gonga mzinga kumkumbusha.

Hapo wakatoka wote.

Wameuma jicho na sikio. Shingo. Mdomo wa juu. Mkono wa kushoto kupitia glovu. Wa kulia, ule niliouvua, hawakuugusa hata mmoja! Nilikimbia nikizunguka, nikaona mtu mwenye gauni jeupe anakuja mbio bila kofia ya wavu, akanishika kiunoni na kunivuta hadi mtoni. Lusajo. Aliumwa macho yote mawili. Anapenda sana kuonekana. Rabia alifika na bomba la moshi, hakukimbia hata hatua moja, na nyuki wakatulia kama watoto waliosikia kengele.

Hospitali, daktari akaniuliza naandikia mkono upi. Nikamwonyesha kwa kuupunga. Akaandika: mkono wa kulia mzima, anafaa kufanya jaribio.

Jumamosi, 30 Novemba

Jaribio. Mdomo wangu ulitangulia kuingia, mimi nikafuata. Lusajo alishikwa mkono hadi kwenye kiti, macho kama maandazi mawili, anasoma karatasi kwa kuigusisha puani.

Swali la kwanza: wanafunzi kumi wa somo la nyuki waliumwa mara zifuatazo: 0, 1, 0, 2, 0, 1, 0, 0, 9, 17. Tafuta wastani na ueleze.

Kumi na saba ni mimi! Dokta ameongea na Madam Recho!

Nilijumlisha. Thelathini. Nikagawa kwa kumi. Tatu. Nikapandwa na hasira. Tatu? Nikaandika kwa herufi kubwa kwamba wastani huu ni muongo. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyeumwa mara tatu. Watano hawakuguswa kabisa, na mimi na Lusajo tumebeba ishirini na sita peke yetu, na asiyeamini aje alione sikio langu. Maswali mengine nilijaribu kwa maharage ya Lusajo kichwani.

Nimetoka najua kwamba nimekwisha. Nimekunja nguo. Nimemwandikia mama ujumbe, sijautuma.

Jumanne, 3 Desemba

AROBAINI NA MOJA!

Nimeusoma ubao wa matangazo mara nane, na mlinzi akanisomea mara ya tisa. Sidisko! Nilimpigia mama, akaniuliza Mwalimu unalia nini, nikasema mdomo bado umevimba.

Dokta Ildefonsi amenirudishia karatasi. Pale niliposema wastani ni muongo ameweka vema kubwa, na ameandika kwamba hili ni jambo la kwanza la kweli nililoandika tangu anifahamu. Kanipa alama zote za swali. Nimekaa nikatafakari kilichoniokoa. Jibu ni wazi: mpango wangu. Bila kuvua glovu, kumi na saba ingetoka wapi?

Rabia ameniambia nimshukuru Lusajo. Nitamshukuru siku nikipata nafasi.

Jumatano, 4 Desemba

Nimeona alama za Lusajo. Arobaini na tatu.

Mtu aliyenifundisha! Kweli macho yalikuwa yamefumbana, lakini arobaini na tatu ni arobaini na tatu. Alama mbili tu na ningekuwa sawa naye. Tatu na ningempita, na Rabia angeliona hilo ubaoni kila akipita kwenda kula.

Nimefungua kitabu. Kanuni ya 31: mwanafunzi asiyeridhika anaweza kukata rufaa ili karatasi yake isahihishwe upya, na mwalimu mwingine, na alama mpya ndiyo ya mwisho. Nimejaza fomu. Bi Mwatumu alishika mhuri juu, hakuugonga. Akaniuliza kama nimeelewa kwamba alama zinaweza kupanda au kushuka.

Nimemwambia agonge. Za kwangu zitashuka ziende wapi?