Bomba la Moshi na Afisa Usingizi

Serikali ilitangaza, kwa vipaza sauti vilivyozunguka mji mzima tangu alfajiri, kwamba sasa ni kosa kuchezea bomba la moshi hadi gari likawasumbua watu kwa kelele.

Sheria hiyo iliandikwa na Kaimu Mkurugenzi wa Milio, mtu aliyekaimu mpaka mvi zikamwota. Waziri alikuwa amemwahidi kwamba gari la kwanza likikamatwa, atathibitishwa kuwa Mkurugenzi kamili.

Bajeti haikuwa na kipimo cha sauti. Kaimu hakukata tamaa. Akamchukua mlinzi wa ofisi, bingwa wa kulala kazini, akampa cheo cha Afisa Usingizi na kitanda kando ya barabara. Gari likimwamsha, limevunja sheria.

"Na asipoamka?" aliuliza fundi wa mabomba, ambaye karakana yake ilitazamana na kitanda.

"Ni halali."

"Hapo sawa, mkuu."

Yakapita magari yaliyotolewa sailensa ya kupunguza mlio, zikapita pikipiki zinazotetemesha vioo vya madirisha. Afisa akakoroma. Fundi akapata wateja hadi akakosa muda wa kula. Kaimu, maskini, ndiye aliyekosa usingizi.

Mwishowe Waziri akaja kujionea mwenyewe. Kwa heshima yake barabara ikafungwa, injini zote zikazimwa. Gari lake jipya likateleza taratibu, halisikiki hata kidogo.

Afisa akakurupuka, akaketi. "Kuna nini? Mbona kimya hivi?"

Kaimu akageuka. Waandishi wa habari waliofuatana na Waziri walikuwa wameshaona.

"Mheshimiwa, gari limemwamsha. Sheria inasema lizuiwe mpaka lirekebishwe."

"Upuuzi gani huu? Nani aliupitisha?"

"Saini ni yako, mheshimiwa."

Waziri akawatazama waandishi, akaamuru gari lisukumwe karakanani.

"Nitoe sailensa yote au nusu?" fundi aliuliza kwa adabu.

"Toa mpaka huyo mtu alale."

Ikatoka yote. Injini ilipowashwa, Afisa alijilaza, akavuta shuka. Waziri akatoa kichwa dirishani, akamnyooshea Kaimu kidole na kusema maneno marefu. Midomo yake haikuonekana kutoa pongezi, ila hakuna aliyesikia hata neno moja.

Kaimu akainama kwa unyenyekevu, akangoja ngurumo iishie mbali, kisha akawageukia waandishi.

"Andikeni," alisema. "Mheshimiwa amenithibitisha."