Kitalu cha Nne na Kipimo cha Usingizi

Kwa furaha kubwa, na kwa mamlaka niliyokabidhiwa, ambayo ni penseli mbili za rangi na kichongeo tunachochangia na idara ya maji, natangaza kwamba Kitalu cha Nne kimeingia katika zama mpya. Viwanja vyake vyote vinabadilishwa matumizi kutoka makazi kwenda biashara. Uamuzi ulipitishwa na Kamati ya Mipango Miji bila kupingwa, na ramani yake niliipaka rangi mimi mwenyewe.

Sijisifu. Nilisoma chuo miaka mitatu, nina cheti chenye muhuri, na kazi yangu ni kupaka: njano kwa nyumba za kuishi, nyekundu kwa biashara. Kazi yangu ya pili ni kuandika muhtasari wa vikao, kwa kuwa nina hati nzuri na si msemaji. Mwenyekiti wa kamati alinisifu tangu siku ya kwanza. "Huyu binti anafaa," alisema. "Amekaa hapa saa nzima, sikujua kama yupo."

Kiwanja namba saba cha kitalu hicho ni nyumba ya shangazi yangu. Alinilea humo, na humo ndimo ninamolala mpaka leo. Nilikipaka nyekundu saa nne asubuhi, kwa umakini, bila kutoka nje ya mstari.

Hoja ililetwa na Mwenyekiti. Alisema mji haukui kwa watu kulala, unakua kwa watu kununua. Ilitokea tu kwamba shemeji yake alikuwa na mchoro wa jengo la maduka la ghorofa sita, na ilitokea tu kwamba mchoro ulienea sawasawa juu ya Kitalu cha Nne. Kwenye eneo la biashara ni marufuku mtu kuishi. Wakazi wangepewa siku thelathini za kuacha kulala nyumbani kwao, na nyumba usiyoruhusiwa kulala utaifanyia nini zaidi ya kumwachia shemeji wa mtu?

Diwani mmoja, mama mwenye duka la vipuri, aliuliza swali. "Mheshimiwa, mtaa ule umejaa watu. Wanapika, wanafua, wanalala. Tutasemaje si makazi?"

"Tutapima," alisema Mwenyekiti.

Neno hilo lilimwamsha Afisa Mipango, mzee mwembamba tunayemwita Bwana Rula. Ni mtu mwadilifu, hata mlango wa nyumbani kwake huupima kabla ya kupita. Alipendekeza kipimo: jengo ambalo mtu hulala walau mara mbili kwa wiki ni makazi. Lililobaki ni biashara.

Mwenyekiti aliona hatari. Watu wa Kitalu cha Nne wanalala sana. "Usingizi wa mdomoni hatuutambui," alisema. "Kila mtu atakuja hapa kudai amelala. Uhesabiwe usingizi ulioandikwa katika kumbukumbu za ofisi hii na kutiwa saini na kiongozi."

Tukapekua makabati. Hakuna mkazi hata mmoja wa Kitalu cha Nne ambaye usingizi wake uliwahi kuandikwa na halmashauri. Miaka arobaini, nyumba kumi na tano, hakuna aliyelala hata dakika moja. Nikachonga penseli nyekundu.

Hapa inabidi nieleze jinsi kamati yetu inavyofanya kazi. Mwenyekiti hufungua kikao, husoma agenda, kisha hulala. Hakoromi. Hulala kwa heshima, kidevu juu ya tai. Wajumbe wanajadiliana polepole wasimsumbue. Halafu mtu akisema "wanaokubali", mkono wake hupanda wenyewe, na wajumbe wakiuona mkono ule nao hupandisha yao. Ndiyo maana hatujawahi kupingana. Muhtasari huletwa mezani kwake, naye hutia saini bila kuusoma, kwa kuwa alikuwepo.

Tangazo la kuhama liliandikwa kwa mkono, mashine ya kuchapa ilikuwa kwa fundi. Mkono ulikuwa wangu. Nilitaka kumwambia Shangazi kabla halijabandikwa. Siku ya kwanza nilimkuta ana wateja. Siku ya pili alikuwa na furaha. Siku ya tatu nilijifanya naumwa kichwa. Siku ya nne nilirudi kutoka kazini nikamkuta barazani, mguu kwenye cherehani, tangazo mapajani.

"Hati yako imeharibika," alisema. "Angalia huu mstari wa mwisho. Umepinda."

"Samahani, Shangazi."

"Nyumba hii nimeijenga kwa sare za shule. Kila tofali ni kola na vifungo. Sasa nisilale?"

"Unaweza kukaa mchana," nilisema. Hilo ndilo jibu la mtu aliyesoma miaka mitatu.

Hakunigombeza. Angenigombeza ningepona. Aliniwekea chai, akaendelea kushona, kisha akauliza kama fundi anavyomuuliza mteja: "Mlipimaje?"

Nikamweleza kipimo. Alisikiliza huku pini zikiwa mdomoni. Alipozitoa aliuliza, "Kitalu cha Nne kinaanzia wapi?"

"Kiwanja namba moja."

"Namba moja kuna nini?"

"Ukumbi wetu wa halmashauri."

"Na wewe huko kikaoni huwa unaandika nini, mwanangu?"

"Yote, Shangazi. Chuoni walitufundisha tusiache kitu."

"Na mimi nilidhani ada yangu imepotea bure," alisema.

Siku ya kusikiliza mapingamizi Shangazi alikuja na gauni lake la harusi za watu. Alikuwa na ombi moja tu. Hapingi chochote, alisema. Anaomba kiwanja namba moja nacho kipimwe, ili watu wa mtaani wasiseme kipimo kina upendeleo.

Mwenyekiti alipendezwa. "Mnaona? Huyu mama ameelewa maendeleo. Kipimwe. Binti, soma kumbukumbu." Kisha akaegemea kiti.

Nilisimama. Nilisoma kwa sauti niliyonayo, ambayo huishia kwenye safu ya kwanza ya viti, lakini safu ya kwanza ndiko alikokaa Bwana Rula na rula yake.

"Jumanne. Mheshimiwa Mwenyekiti alifungua kikao saa tatu. Mheshimiwa Mwenyekiti alilala saa tatu na robo. Alhamisi. Mheshimiwa Mwenyekiti alilala kabla ya kufungua kikao. Kikao kikafunguliwa na Makamu kwa sauti ya chini."

Niliendelea. Jumanne na Alhamisi, wiki kwa wiki, kila ukurasa una saini yake kwa wino wa bluu. Mama wa vipuri alijifunika uso kwa agenda. Nilipofika ukurasa wa thelathini nilinyanyua macho nikaona Mheshimiwa amelala. Nikaandika.

"Mara mbili kwa wiki, kwa maandishi, na kwa saini," alisema Bwana Rula, kwa uchungu wa mtu anayesoma majibu ya vipimo vya hospitali. "Ukumbi huu ni makazi. Kisheria haturuhusiwi kufanyia kazi humu. Wanaokubali?"

Mkono wa Mwenyekiti ukapanda. Tukapandisha yetu.

Alipoelezwa baadaye alisema haiwezekani. Akaonyeshwa saini. Akasema kipimo ni cha kijinga, akaonyeshwa kwamba ni chake. Mpaka jioni Bwana Rula alikuwa ameufunga ukumbi kwa kufuli, na Kamati ya Mipango Miji imesimama nje na viti vyake, ikitafuta eneo halali la biashara.

"Barazani kwangu pana kivuli," alisema Shangazi. "Na ni pekundu. Mpwa wangu alipapaka vizuri."

Tukahamia kiwanja namba saba, siku tisa kabla ya Shangazi kutakiwa kuacha kulala humo. Jumanne Mwenyekiti alifungua kikao kwa hasira, akalaani uzembe, akaapa kwamba tangu leo hatafumba jicho hata kwa kupepesa. Alikaa wima kama mlingoti. Shangazi akampa kiti cha marehemu mume wake, chenye mikono na mto. Upepo ulikuwa unapita. Cherehani ilikuwa inaimba wimbo wake mmoja. Saa nne kasorobo, kidevu kilifika kwenye tai.

Makamu alikohoa ili amwamshe. Shangazi akaweka kidole mdomoni.

"Mwacheni," alinong'ona. "Mheshimiwa yuko kazini."

Nikaandika. Alhamisi nikaandika tena, na alipoamka nikampelekea kitabu. Alikitazama, akanitazama mimi, nadhani kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe. Alikuwa na alama ya mto shavuni. Kurasa zilikuwa nyingi, na chai ya Shangazi ilikuwa inapoa. Akatia saini.

Bwana Rula alipima asubuhi iliyofuata. Kiwanja namba saba ni makazi, na kamati haina haki ya kukaa hapo siku moja zaidi. Nilichonga penseli ya njano mpaka ncha ikawa kama sindano, na kwa mara ya kwanza katika utumishi wangu nilitoka nje ya mstari kidogo.

Wiki ijayo kamati inahamia kiwanja namba nane. Jirani yetu, fundi viatu, amekuja kumuuliza Shangazi Mheshimiwa anapenda mto wa aina gani. Na wa namba tisa ameanza kufagia baraza.