Kikosi Kipya cha Susuni Radi

Jumatatu, 3 Julai 2023

Tumefungwa sita bila. Sita! Na mchezaji bora wa timu yangu katangazwa kuwa kipa.

Niandike vizuri, ili nikija kuwa maarufu watu waelewe nilikotoka. Hii ni Ligi ya Mameneja. Timu kumi, mameneja kumi. Wachezaji hawapo duniani, wametungwa na kompyuta ya Mwalimu Agustina, mwalimu mstaafu wa hesabu mwenye duka la steshenari Nyansurura. Sisi tunasajili, tunabadilishana, tunapanga kikosi kwa simu. Siku ya mechi, saa kumi jioni, Mwalimu anabonyeza kitufe na matokeo yanaingia kwenye kundi la WhatsApp. Hakuna uwanja wala mpira. Maumivu ni yale yale.

Timu yangu ni Susuni Radi. Susuni ni nyumbani, nilikoondoka Aprili na mke wangu Beatrice kufuata dhahabu huku upande wa Kisaka. Tuna pointi nane, tuko mkiani. Wanaotutangulia, Wafugaji ya Nashoni, wana tisa. Mechi zimebaki tatu.

Leo Mwalimu katangaza kwamba meneja atakayeshika mkia anapokonywa timu, anapewa mtu wa kwanza kwenye orodha ya wanaosubiri. Tangu rashi ya dhahabu ianze kila mwenye simu anataka timu. Orodha ina watu kumi na tisa. Nikaisoma kwa dharau.

Namba moja: Beatrice.

Nikaenda bandani kwake, anapouza ugali na maharage kwa wachimbaji. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema sikuuliza.

Jumanne, 4 Julai

Sikutulia hata dakika. Nimeamua: nabomoa timu, naijenga upya! Timu mbovu haitibiwi kwa kubadilisha jezi.

Mtandao hapa unapatikana sehemu moja tu, juu ya kichuguu nyuma ya choo cha Mzee Nyangwine, mwenye shamba la mihogo ambalo sasa ni mashimo matupu. Nikampa shikamoo, nikapanda. Mzee akauliza, mura, kijana wangu, hicho kichuguu changu kina nini? Nikamwambia kazi ya ofisi.

Nimefanya biashara kubwa na Omondi. Huyu tunachimba naye duara moja, shimo la dhahabu, sisi wanne. Kwao ni ng'ambo ya Sirari, upande wa Kenya, na timu yake inaongoza ligi. Nimempa mtoto mmoja wa miaka kumi na saba, Sabato Kirigiti. Kiwango hamsini na moja! Mzigo. Kuna safu nyingine imeandikwa "upeo", hapo ana tisini na tano. Kwa hiyo anaona mbali sana, lakini hajui kucheza. Macho hayafungi magoli.

Yeye kanipa Zakayo Bundala, mshambuliaji, miaka thelathini na tano, kiwango themanini, upeo themanini. Kwa umri ule macho bado mazima kabisa. Omondi alikubali haraka mpaka akaacha ugali nusu. Mjinga.

Alhamisi, 6 Julai

Tumetoka moja moja! Zakayo kafunga dakika ya tano! Nilipiga kelele juu ya kichuguu, kuku wa Mzee Nyangwine wakatawanyika hadi barabarani.

Dakika ya sita Zakayo kaumia paja. Nje wiki saba.

Sare, pointi tisa. Wafugaji kafungwa, naye tisa. Nikampigia Mwalimu kuuliza kama mchezaji anayeona vizuri kama Zakayo hawezi kupona mapema. Akauliza nina maana gani ya kuona. Nikamweleza kuhusu upeo. Akashusha pumzi, kama walimu walivyokuwa wanashusha kabla ya kukuita mbele. Halafu akasema, polepole, kwamba upeo ni mahali mchezaji anapoweza kufika akikua. Sabato akifika miaka ishirini hakuna timu itakayomzuia.

Nikasema najua, nilikuwa namjaribu.

Ijumaa, 7 Julai, Sabasaba

Omondi hamrudishi Sabato. Nimeomba kwa heshima, nimeomba kwa hasira, nimemkumbusha kwamba uhai wake umo kwenye kamba ninayoivuta mimi. Kasema, wacha nikuambie, biashara ni biashara, hata wewe ulikuwa unacheka.

Basi nikatumia akili. Nikaandika kwenye kundi: "Kutoka chanzo cha kuaminika: shule zikifunguliwa, wachezaji wote chini ya miaka kumi na nane wataondolewa kwenye ligi warudi masomoni."

Kazi safi! Ndani ya nusu saa mameneja watatu walikuwa wanawagawa watoto wao kama kuku wenye mdondo. Mimi nimekaa juu ya kichuguu nasubiri kuwaokota.

Omondi hakugawa mtu. Alimpigia Mwalimu.

Mwalimu kaniandikia mbele ya kundi zima. Kasema amefundisha miaka thelathini na moja na uongo wangu anauweka kwenye tano bora. Nimekatwa pointi tatu. Nina sita sasa.

Beatrice kaisoma kwenye simu yake huku anakoroga ugali. Mabega yalikuwa yanatikisika.

Jumapili, 9 Julai

Kanisani sikusikia neno. Mchungaji anahubiri, mimi napanga safu ya ulinzi.

Omondi kamuuza Sabato kwa Nashoni wa Wafugaji, kapewa wachezaji watatu wazima. Watatu! Kwa yule mtoto wangu!

Baada ya ibada nikakimbilia kichuguuni kusajili kipa wa akiba. Nikatuma fomu, mtandao ukakatika. Nikatuma tena. Nikashuka, nikapanda, nikanyoosha mkono juu, nikatuma tena, na mara ya mwisho nikiwa nimesimama kwa mguu mmoja. Mtandao uliporudi, fomu zote nne zikaingia pamoja. Kila moja Mwalimu kaichukua kama ombi jipya, na makipa wasio na timu walikuwepo wanne.

Sasa nina makipa watano na sina beki wa kushoto hata mmoja. Kufuta ni mpaka msimu uishe. Nikampanga kipa mmoja mbele, sababu ana urefu wa mita mbili.

Tumeshinda moja bila! Kipa kafunga kwa kichwa! Pointi tisa! Wafugaji kafungwa tena, kabaki na tisa. Jumamosi tunacheza sisi kwa sisi, mimi na Nashoni, na kwa wingi wa magoli niliyofungwa lazima nishinde.

Nilimpa Beatrice habari hizi kwa sauti ya mtu mkubwa. Akauliza nani anacheza beki ya kushoto. Wanawake hawajui kufurahi.

Jumanne, 11 Julai

Duara letu limefika futi sitini na mawe yamebadilika rangi. Mzee wa kupima kalamba jiwe, katema, kasema mwamba wenye dhahabu uko karibu sana, kesho tu. Sisi wanne tukakumbushana sheria tuliyowekeana tangu siku ya kwanza: mwamba ukifunguliwa, asiyekuwepo pale shimoni hana haki kwenye mifuko ya kwanza. Sheria hiyo niliidai mimi, sababu ya uvivu wa Omondi.

Lakini dirisha la usajili linafungwa kesho saa sita kamili mchana! Na bado sina beki wa kushoto!

Nimejaribu kukaa, nimeshindwa. Nimezunguka banda la Beatrice mpaka kasema nawatia wateja kizunguzungu. Kaniambia, "Baba Gati, kesho usitoke shimoni. Nakuomba." Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Na kweli sitoki. Labda dakika kumi.

Jumatano, 12 Julai

Saa tano na nusu nikamwambia Omondi naenda haja. Nikakimbia.

Kichuguuni kulikuwa na foleni, mameneja wanne mbele yangu. Zamu yangu ilifika saa sita kasoro dakika saba. Beki alikuwepo mmoja tu ligi nzima, Godwin Masero, kiwango sabini na sita. Mwenye timu alitaka viungo wangu wawili bora. Nikasita. Saa sita kasoro dakika mbili nikampa.

Imekubaliwa! Wakati huo huo nikasikia vifijo kutoka upande wa mashimo. Nilidhani habari zimewafikia. Nikapunga mkono.

Nikarudi natembea, sikimbii, kama mtu aliyemaliza kazi. Watu wamejaa duarani kwetu. Mifuko ya mawe imepangwa, mawe yenyewe yana mistari ya njano unaiona bila kuinama. Omondi amekaa chini, mweupe kwa vumbi, analia na kucheka.

Akaniuliza, "Ndugu yangu, ulikuwa wapi?"

Nikasema, "Nimepata beki wa kushoto."

Hakuna aliyecheka. Ndipo nikaelewa. Miezi mitatu nimekula vumbi kwenye shimo lile. Nilihesabu mifuko, minane. Mgao wa watu wanne. Nikauliza, kwa sauti ndogo, kama yangu watakula wao watatu.

Omondi akaonyesha kwa kidole. Beatrice alikuwa amekaa juu ya mifuko miwili, kitambaa cha kichwa kimelegea, viganja vimechubuka. Alileta chakula, akakuta mahali pangu kwenye kamba pako wazi na watu wako chini wanaita. Akatua sufuria, akashika kamba. Kavuta mpaka mfuko wa mwisho. Wenzangu wamekubaliana: aliyekuwepo ndiye mwenye mgao.

Nikamsogelea. Nikasema, mke wangu, Mungu akubariki, mifuko yetu imepona.

Akasema, "Yangu. Wewe una beki."

Jumamosi, 15 Julai

Dakika ya tisa Godwin Masero kamvuta jezi Sabato ndani ya boksi. Kadi nyekundu. Penalti. Sabato kafunga. Dakika ya themanini Sabato kafunga tena. Mbili bila.

Nimekwisha. Saa kumi na moja Mwalimu Agustina kaandika kwa lugha ya serikali kwamba Susuni Radi imepata meneja mpya kuanzia sasa. Pongezi zikamiminika. Omondi kaweka picha za vikombe kumi na viwili na ng'ombe.

Nikampelekea Beatrice daftari langu la timu nyuma ya banda. Nilikuwa nimepanga kusema maneno makali. Niliketi kwenye gogo nikatazama mihogo iliyong'olewa. Akaniletea chai, akakaa karibu yangu, jambo ambalo halijatokea siku nyingi maana mimi huwa sikai.

Akaniuliza kama niliipenda ile timu. Nikasema sana. Nikasema shimoni mimi ni mkono mmoja kwenye kamba, lakini juu ya kichuguu nilikuwa meneja, watu wananiita meneja.

Akasema anajua. Akasema, "Tangu tuje huku huongei na mimi. Unaongea na Omondi, unaongea na Zakayo Bundala ambaye hayupo. Nikaona bora na mimi niwe na timu, labda utanisalimia."

Nikamwomba msamaha, na wa ukweli, kwa mwamba na kwa miezi yote mitatu. Nimemwahidi kwamba kuanzia leo sigusi kitu bila kumuuliza. Nimemaanisha kila neno. Najisikia mtu mpya.

Jumatatu, 17 Julai

Huyu mwanamke! Amekuwa meneja siku mbili tu, na dirisha la msimu mpya limefunguliwa jana. Makipa wanne wameondoka, viungo wangu wawili wamerudi, na kuna watoto watatu wenye upeo juu ya tisini. Kumbe mwezi mzima mameneja walikuwa wanakula maharage yake na kuropoka siri zao zote mbele ya sufuria. Mwalimu kamsifu kundini.

Leo asubuhi kapeleka mawe yake karasha, kusagwa. Kaniachia banda na simu yake, ambayo sasa inashika mtandao kutoka hapa hapa, sijui kafanyaje. Kaniagiza mambo mawili: maharage yasiungue, simu nisiiguse.

Sikuigusa. Iliita yenyewe.

Ni Omondi, bingwa. Kasema amewaza sana kuhusu sisi, tumepitia mengi, anataka kutupa heshima: kikosi chake chote cha ubingwa kwa kikosi chetu chote. Mtu kwa mtu, ishirini na wawili! Lakini lazima ijulikane sasa hivi, Nashoni naye anamsumbua.

Nikamwambia sina mamlaka, ngoja mwenyewe arudi. Akasema ni sawa tu, anampigia Nashoni.

Nikamwambia asubiri.

Sikukurupuka. Safari hii nimepitia orodha yote, jina kwa jina, kila safu. Kiwango themanini na tano, themanini na nane, tisini! Upeo pia nimeangalia, mimi siyo yule wa zamani. Kuna safu moja ya mwisho imeandikwa "mkataba", na kwa wote ishirini na wawili ina tarehe 31 Julai. Nadhani ndiyo siku walipozaliwa. Timu nzima kuzaliwa siku moja! Umoja wa namna hiyo utaupata wapi?

Nimekubali.

Beatrice namwona anarudi, vumbi la karasha mpaka kwenye nyusi, anaimba. Mawe yake lazima yametoa vizuri. Maharage yameungua kidogo, lakini kwa habari niliyonayo hatayakumbuka.