Vita vya Chumvi na Jino Huko Mwembesongo

Sogeeni, enyi mlioambiwa kwamba soko sasa ni huria, mkae hata juu ya magunia yenu yaliyokataliwa, niwasimulie vita vikuu vya mwaka tisini na tatu, vilivyopiganwa kwa chupa ya soda.

Ushirika ulikuwa umekufa, ukazikwa pamoja na kipima unyevu chake, na waliozika nawajua kwa majina. Mahali pake akatawazwa Bartholomeo, wakala wa ngano, ambaye kipimo chake kilikuwa jino. Aling'ata punje, akatema, akahukumu. Ngano kavu ilipelekwa kulia, ikasagwe unga wa watu. Mbichi kushoto, ikaliwe na kuku, kwa bei ya kuku. Ajabu ya Mola, tangu Julai jino lile tukufu halikuwahi kukutana na ngano kavu ya mkulima mdogo.

Ndipo aliposhuka kutoka Mgeta Hosiana binti Yeremia, Mwenye Subira ya Masuke. Majirani walivuna mapema, punje zikasinyaa. Yeye alingoja hadi suke likainama na ukucha ukashindwa kuzama kwenye punje, kisha akakata upesi, mvua isije ikaichipusha ngano shambani. Gunia moja, jasho la mwaka mzima.

Bartholomeo, kijana ambaye shikamoo ilimshinda, akang'ata. "Mbichi. Kushoto, mama."

"Mwanangu," akanena Hosiana, "jino lako linalishwa na tajiri wako, haliwezi kunitolea ushahidi. Lete chumvi na chupa tupu ya soda. Ikiganda kwenye chupa, ngano ina maji, nami nitawabebea kuku wako gunia hili kwa kichwa changu."

Chumvi ikatoka kwenye kopo la wakala, ikatiwa chupani pamoja na punje. Hosiana akatikisa. Ikaganda. Wakala akacheka hadi akashika mbavu.

Hosiana akaimwaga yote, akatia chumvi peke yake, akatikisa tena. Ikaganda vilevile.

"Na chumvi nayo imevunwa mbichi, baba?"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Anastasia muuza chai akaikaanga chumvi ile jikoni kwake, na chupa nayo akaikausha juu ya moto. Punje zikarudi ndani, mkono ukatikisa mara ya tatu, na chumvi ikateremka kama mchanga, kioo kikabaki safi.

"Haya, kulia," akanung'unika Bartholomeo. "Ila msifanye mazoea."

Naandika mimi, maana ofisini hawataandika: siku ile, mbele ya mashahidi thelathini, gunia moja la mkulima lilivushwa hatua tisa, kutoka kwa kuku hadi kwa watu.