Ruta Chumbani kwa Mama Mkwe

Jumatatu, 9 Juni

Alama nyekundu kwenye simu! Ruta ya nyumbani, kile kisanduku cha intaneti, inasema toleo jipya la programu yake lipo tayari, niliweke. Siwezi kuona alama nyekundu nikalala. Mimi ni mtu wa teknolojia. Nauza kava na chaja za simu hapa Nyasho, Musoma.

Rebeka, mke wangu, amekataa. Ijumaa asubuhi ana usaili wa video na shirika la Dar linalofungua ofisi Butiama. Nafasi ya mhasibu. Tangu apunguzwe kazi miaka miwili iliyopita anashika duka la watu kule Mwisenge, na safari hii ndiyo ya kwanza kuitwa. Kasema ruta inafanya kazi, isiguswe mpaka Ijumaa ipite. Nikamwambia toleo la zamani linakaribisha wezi wa mtandao. Kasema wezi watakuta nini kwetu. Hoja dhaifu kabisa.

Jioni Gasper, jirani, kanisimamisha kwenye uzio kunijulisha kwamba ya kwake aliiapdeti zamani, na sasa mpira anautazama bila kukwama. Alisema huku akichokonoa meno. Gasper! Mtu anayeandika nywila yake ukutani, sebuleni, kwa chaki.

Nimeamua. Nitaiapdeti kwa siri. Ijumaa video itakwenda safi, Rebeka atapata kazi, kisha nitaitoa siri mbele ya wageni. Gasper atakuwa mmoja wao.

Jumanne, 10 Juni

Mwenye busara huomba ushauri. Nimempigia shemeji Clementi, kaka yake Rebeka, yuko Butiama. Nilimuuliza kwa kuzunguka. Kajibu kwamba ng'ombe anayetoa maziwa hahamishwi zizi wiki ya harusi. Sikumuuliza habari za ng'ombe.

Nikachukua bodaboda hadi Mwisenge kwa Gibson, fundi wa kompyuta. Kasema kuapdeti ni jambo zuri. Baada ya hapo akaongea mengi: umeme usikatike katikati, mtu asichomoe waya, la sivyo ruta inakufa. Mimi mwanzo ulinitosha.

Kuna tatizo dogo. Ruta iko chumba cha wageni, na chumba cha wageni kina mgeni. Mama mkwe kaja kutoka Mugeta kutibiwa macho. Kwetu mkwe haingii chumba anacholala mama mkwe. Haingii, hachungulii, hata kumwita kwa sauti ni aibu. Lakini mambo yote yanafanyika kwenye simu! Nitakaa sebuleni kama bwana mkubwa. Mila haijavunjwa na ruta imekuwa mpya.

Jumatano, 11 Juni

Rebeka alipotoka tu, nikabonyeza. Asilimia kumi. Thelathini. Nikajimiminia chai. Sitini na tano, halafu kimya. Mara nikasikia mapambio chumbani. Redio ya mama mkwe haina betri, na chumba kile kina soketi moja.

Nikaruka hadi mlangoni. Hapo nikakumbuka mimi ni nani, nikasimama mguu mmoja juu. Ukumbini palikuwa na kuku tuliyeletewa zawadi kutoka Mugeta, bado kafungwa kamba. Sikuwa na njia nyingine.

"Wewe kuku," nikasema, "kama kuna mtu amechomoa waya humo ndani, tunaomba aurudishe upesi."

Redio ikapunguzwa sauti.

"Kuku," mama mkwe akajibu kwa upole kutoka ndani, "mwambie mkwe wangu ile taa inanimulikaga macho, na daktari alikataza. Ibada ikiisha nitarudisha."

Ibada ilikuwa ndefu. Mhubiri alikuwa na pointi saba. Waya uliporudi, mama akamwarifu kuku kwamba sasa taa imebaki moja tu, nyekundu, na haichezichezi tena. Akatoa shukrani nyingi kwa mkwe wake.

Ruta imekufa. Nimeogopa sana, nakiri hapa kwa sababu hakuna anayesoma. Lakini sijashindwa. Fundi wa kuifufua yupo. Kinachokosekana ni njia ya kuitoa chumbani.

Alhamisi, 12 Juni

Nimemwambia Rebeka mtandao umekatika Musoma nzima. Dakika hiyohiyo Gasper, anayetazama marudio ya mechi mtandaoni, akapiga ukelele wa goli. Rebeka akageuza macho upande wa uzio, akaenda zake.

Mama mkwe alikwenda hospitali. Chumba kilikuwa kitupu, ila kitanda ni chake na mwiko ni uleule. Dirisha, hata hivyo, si mlango! Nikachukua upondo wa kuangulia mapapai, nikaupitisha kati ya nondo, nikavuta kwa ustadi. Kitu kikashika. Kikaja, chepesi mno kwa ruta.

Kanga ya mama mkwe.

Mwanaume mzima, mchana kweupe, kanga ya mama mkwe ikining'inia kwenye ncha ya upondo. Na Gasper kwenye uzio. Safari hii alikuwa ameacha kuchokonoa meno.

Kabla sijala chakula cha mchana, Clementi kapiga simu kutoka Butiama, habari za kanga zimeshamfikia. Hakutumia mafumbo. Mbuzi jike mmoja, Jumamosi, Mugeta, kuomba radhi. Ilibidi nieleze habari za ruta ili nisionekane nimerukwa na akili. Hivyo ndivyo Rebeka alivyojua kila kitu.

Hakugomba. Afadhali angegomba. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda na vyeti vyake mapajani.

"Baba Boke," akaniambia, "ningekosa kwa kushindwa maswali, ningevumilia."

Nikatamani ardhi inimeze. Ikakataa.

Ijumaa, 13 Juni

Usaili umefanyika sebuleni kwa Gasper. Rebeka alikwenda kuomba mwenyewe, mimi nikiwa bado natafuta maneno. Gasper alifagia, akatundika kitambaa cheupe kuficha nywila, akazima hata jiko. Inauma mtu unayemdharau akiwa mwema.

Nilipewa kazi ya kufukuza majogoo nje. Niliwafukuza kwa moyo wote. Kupitia dirishani nilimsikia Rebeka akijibu bila kutetereka, nikamwomba Mungu, si kwa utani. Nilimpenda sana pale nje, na jogoo kwapani.

Amepita! Imebaki awamu ya mwisho, Jumatatu, na mkurugenzi mwenyewe. Mahali ni palepale kwa Gasper. Nimemwapia Rebeka sitagusa tena ruta yetu. Kasema haiwezekani kuigusa vibaya zaidi.

Jumapili, 15 Juni

Mbuzi alikwenda Mugeta jana, radhi imepokelewa. Gasper yuko Bunda kwenye harusi, kamwachia Rebeka ufunguo aandae sebule kwa ajili ya kesho. Nimembebea meza. Yeye kaenda mazoezi ya kwaya, mimi nimebaki kupanga viti.

Nikaunga simu kwenye ruta yake, nywila si ipo chini ya kitambaa. Alama nyekundu! Gasper hajawahi kuapdeti chochote maishani mwake! Kwanza nikacheka peke yangu. Kisha nikapata baridi. Kesho mke wangu azungumze na mkurugenzi kwa toleo la zamani? Na wezi je?

Nimefikiri kwa makini, sikukurupuka. Hapa hakuna mama mkwe, hakuna redio, soketi ni ya peke yake. Kiapo kilihusu ruta yetu, hii si yetu. Na Gasper ametutendea wema. Wema haulipwi kwa maneno matupu. Rebeka hana haja ya kujua. Ataona mwenyewe kesho jinsi picha itakavyong'aa.

Nimebonyeza.

Asilimia arobaini. Naandika nikiwa kwenye kochi la Gasper, chini ya feni yake, upepo mzuri. Hamsini. Kazi ikipatikana, itabidi siku moja nimweleze ilitoka wapi. Sitini na mbili.

Feni imesimama ghafla. Hata redio ya nyumba ya pili imenyamaza, mtaa wote umetulia. Gasper ana vitu vibovu, maskini. Ruta ikimaliza, namtengenezea na feni.